Piano Tunayo

Bibi alikwenda bombani na karatasi mgongoni, na foleni nzima ikamcheka kabla hajatokea mwenye adabu ya kumwambia.

"Mnacheka nini? Hamjaona mwanamke na ndoo?"

"Umeandikwa, Bibi," akasema jirani mmoja. "Labda mwanao kakutia bei."

Alirudi nyumbani na ndoo nusu na hasira tele. Mjukuu wake alikuwa amekaa kizingitini, mkasi mkononi, kikopo cha gundi ya unga miguuni.

"Nani kanibandika?"

"Mimi, Bibi. Inasomwa *babushka*. Maana yake bibi."

"Kwani nimesahau mimi ni nani hata niandikiwe?"

"Ni mimi nisije nikasahau."

"Ukifika huko ukasahau neno la bibi yako, rudi nyumbani, umeshapotea. Na nitolee kitu hiki. Mimi si kabati."

Kabati lenyewe lilikuwa limebandikwa zamani. Mlango ulikuwa *dver*, dirisha *okno*, ndoo *vedro*, sufuria *kastryulya*. Cherehani ya Mama pale barazani ilikuwa na ukanda mrefu wa herufi za Kirusi kuanzia gurudumuni hadi sindanoni, na mteja mmoja aliyeleta sketi kupunguzwa kiuno aliuliza kama ni mashine mpya. "Ni ileile," Mama akajibu, pini mdomoni. "Imesoma tu."

Mjukuu, binti wa Mama huyu, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari Urusi. Tangu habari ienee, mtaa mzima ulimwita Daktari, na watu wazima walikuwa hawaoni haya kumsimamisha njiani na kumfunulia majipu. Lakini nafasi ilikuwa na sharti. Kabla ya kupewa tiketi, mwombaji lazima asimame mbele ya Katibu wa ofisi ya ufadhili, aonyeshwe picha, ataje kila kitu kwa Kirusi.

Mbinu ya karatasi ilikuwa ya baba yake. Alikuwa fundi bomba, na ufundi huo hakuupata darasani. Mkubwa wake wa kwanza hakumfundisha jina la spana wala koki mpaka ameishika. Kitu kishike ndipo ukitaje. Neno lisiloshikika halikai. Kwa hiyo binti alishika. Alishika meza akasema *stol*, alishika kijiko akasema *lozhka*, na usiku alipokuwa akivuta mto alisema *podushka* kwa sauti, Bibi naye akiitikia kutoka kitanda cha pili, "Lala, mtoto wa watu."

Hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho hakukijua kwa Kirusi. Hapo ndipo balaa ilipokuwa imejificha.

Katibu alikuwa na meza pana na feni iliyompepea yeye peke yake. Aliwahi kusomea hukohuko Urusi, na watu wa mtaa ule wana kumbukumbu: walimjua tangu enzi za viatu vya kuazima, siku walipochanga wote kumnunulia sanduku la safari. Sanduku lilirudi limejaa. Aliyelibeba ndiye aliyerudi hawajui waliomchangia.

Aliinua picha ya kwanza. Binti akatazama.

"Hii?"

Binti akainamisha kichwa upande mmoja.

"Haya, hii?"

Akakiinamisha upande wa pili.

"Binti, hii ni nini?"

"Kwa Kirusi, mzee?"

"Hata kwa Kiswahili nitashukuru."

"Kama kabati," binti akasema taratibu. "Ila lina meno."

"Hii ni piano!" Katibu akatupa picha mezani, akainua nyingine, na nyingine. Jokofu. Zulia. Lifti. Mashine ya kufulia. Taa ya vioo ya kuning'inia sebuleni. Binti alivitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za ukoo wa watu wengine.

"Niulize ndoo, mzee," akaomba.

"Ndoo ya nini?"

"Niulize ndoo, kufuli, mkeka, chungu. Niulize taa ya mafuta."

"Unakwenda kuishi na watu waliostaarabika, unaniletea habari za ndoo?" Katibu akafunga jalada. "Mwezi ujao anakuja mwalimu kutoka kule. Nakupa nafasi ya mwisho mbele yake. Ukishindwa, nyuma yako wapo wengi, na wengine nyumbani kwao piano zinakaliwa na paka."

Jioni ile walikaa kula. Baba ndiye aliyeanza.

"Amefeli Kirusi?"

"Hakufeli Kirusi," Mama akasema. "Imefeli nyumba. Kila tulicho nacho kakitaja. Sasa angetaja nini, upepo?"

"Nunueni basi hiyo piano," Bibi akasema. "Tuiweke pale kuku wanapolala."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Baba hakucheka. Alikuwa akitazama mfuko wake wa spana ukutani, ulioandikwa *klyuchi*, na wazo lilikuwa linamjia polepole, kama maji kwenye bomba lenye kutu.

"Mama Geti Jeusi bafu lake linavuja," akasema.

Mama Geti Jeusi hakuwa na jina jingine mtaani. Geti lake lilikuwa jeusi, refu, na mtu hakuingia humo ila kwa kazi. Mumewe alikuwa mkubwa wa ofisi fulani, mtu wa vikao. Asubuhi yake fundi aligonga geti, binti nyuma yake amebeba mfuko wa spana.

"Na huyu?" Mama Geti Jeusi akauliza.

"Msaidizi wangu, mama."

"Akanyage pembeni ya zulia. Si katikati."

Kazi ilikuwa ya asubuhi moja: mpira umelika, unatolewa, unatiwa mwingine. Fundi yule katika maisha yake yote hakuwahi kumrefushia mtu kazi. Ndiyo maana alikuwa bado maskini. Alichungulia chini ya sinki, akameza mate, akasema uongo wake wa kwanza wa ufundi.

"Mama, hili bomba limeoza mpaka ndani ya ukuta."

"Mungu wangu! Siku ngapi?"

"Siku... kadhaa."

Jasho lilimtoka kuliko siku aliyochimba mtaro. Na huku yeye akigongagonga ukuta usio na kosa lolote, binti alikuwa akitembea nyumba nzima kwa vidole. Alishika jokofu, likamtia baridi mkononi: *kholodilnik*. Alishika zulia, pembeni: *kovyor*. Kinanda kikubwa chenye meno kilikuwa kimefunikwa kitambaa, hakipigwi na mtu, kimewekewa sanamu za farasi juu yake: *pianino*. Kamusi ya kuazima aliificha ndani ya mfuko wa spana, kati ya tepu na koleo.

Lakini vitu vilikuwa vingi na mkono mmoja. Basi alirudia mbinu ya nyumbani: vijikaratasi vidogo, gundi kidogo, mahali pasipoonekana. Nyuma ya pazia. Chini ya kifuniko cha piano. Ubavuni mwa jokofu. Kesho yake anapita, anachungulia, anajisahihisha. Siku ya mwisho angevitoa vyote, na hakuna mtu angejua.

Siku ya mwisho Mama Geti Jeusi alitoka saluni mapema.

"Bado tu?" akauliza mlangoni, nywele zinamshinda kugeuza shingo. "Hilo bomba mnalizaa?"

"Tumemaliza, mama!" fundi akasema kwa hofu, na katika haraka ya kufungasha, binti alipata nafasi ya kutoa vijikaratasi viwili tu. Cha kiti kikubwa cha bwana alikuwa amekipaka gundi dakika ileile, akibandike chini ya kiti. Alikiacha pale kwenye kikalio, kibichi.

Bwana alirudi, akala, akakaa kitini pake kusubiri gari. Gari lilipopiga honi aliinuka, akaenda kwenye kikao cha wakubwa wenzake, akasimama kuhutubia juu ya nidhamu kazini. Waliokaa mbele walimwona mtu wa heshima. Waliokaa nyuma walimwona mtu wa heshima mwenye karatasi kwenye makalio, imeandikwa kwa lugha wasiyoijua, na kila mmoja aliipa maana aliyoipenda.

Aliporudi, mkewe ndiye aliyeibandua.

"Hii ni nini?"

"Nini?"

"Unaniuliza mimi? Karatasi haimbandiki mtu yenyewe. Nani huyo anakuandikia huko nyuma?"

"Mke wangu, naapa..."

"Mwandiko wa kike huu!"

Mke aligomba hadi koo likakauka, akaenda kwenye jokofu kutafuta maji, na ubavuni mwa jokofu akakuta karatasi ya pili. Ugomvi ukafa hapohapo, ukazaliwa woga. Waliitafuta nyumba wote wawili, bwana kwa magoti. Nyuma ya pazia, ipo. Juu ya mashine ya kufulia, ipo. Chini ya kitanda chao, ipo.

"Tumerogwa," Mama Geti Jeusi akasema, akakalia zulia, katikati.

Wageni walioingia humo ndani wiki ile walikuwa fundi na msaidizi wake tu. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa, akashika kijikaratasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akatangulia, umati ukamfuata mpaka kwa fundi bomba. Alipofika mlangoni akaona mlango umeandikwa. Dirisha limeandikwa. Cherehani, ndoo, kinu, kamba ya nguo.

"Aa," akasema. "Kumbe kiwanda kiko hapa."

"Mwenyekiti, ni masomo," fundi akasema. "Mtoto anajifunza Kirusi."

"Matakoni mwa mume wangu?" Mama Geti Jeusi akalia kwa sauti.

Umati ulikohoa.

Bibi alijitokeza na mwiko. "Wewe mama una akili? Mchawi gani anaroga ndoo yake mwenyewe? Tungejua kuroga tungeanza na huyo mwenye feni."

"Mama, nyamaza," fundi akamsihi. Mwenyekiti ndiye anayeandika barua ya tabia njema, na bila barua hiyo hakuna safari, hata mtu ataje piano kwa lugha zote za dunia.

Mwenyekiti naye alijua hilo. Akakohoa kwa uzito. "Barua ile, fundi, itabidi nifikirie."

Mama ndiye aliyepiga magoti. Alipiga mbele ya wateja wake, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Mama mwenzangu, tumekosa. Tuambie ufanyiwe nini."

Mama Geti Jeusi alitazama umati, akaona unamtazama. "Mtakuja kuzitoa zote. Leo. Mbele za watu. Na kila moja huyu binti anisomee inasema nini, nijue hakuna laana."

Basi wakaenda wote, na kwa mara ya kwanza tangu lisimikwe, geti jeusi lilifunguliwa mabawa yote mawili. Wanawake wa foleni ya maji waliingia wamebeba ndala zao mikononi. Binti akaanza na kioo.

"Hiyo inasemaje?"

"*Zerkalo*. Kioo."

"Basi?"

"Basi, mama."

"Na hii?"

"*Kholodilnik*. Jokofu."

"Oo!" wanawake wakaguna, lakini walichogunia ni jokofu. Mmoja akanong'ona, "Milango miwili!" na mnong'ono huo ukamfikia mwenye nyumba, ukamwingia mahali laini. Mgongo ulimnyooka.

"Tena hilo linatengeneza barafu lenyewe," akasema. "Barafu hukuliandika?"

"*Lyod*, mama."

"Haya, njoo huku. Taa hii je? Tazameni juu. Hii ilikuja ndani ya kreti. Hukuiona?"

"Sikuifikia."

"Leteni ngazi! Mume wangu, shika ngazi, mtoto apande."

Bwana akashika ngazi. Binti akapanda, akashika kioo kimoja kimoja, akasema *lyustra*, na chini wanawake wakarudia *lyustra* kama darasa la watoto. Kutoka hapo hasira ilisahaulika kabisa. Mama Geti Jeusi alifungua makabati yaliyokuwa hayajafunguliwa miaka. Alitoa kifyonza vumbi, kikausha nywele, mashine ya kusagia kahawa ambayo hata yeye hakujua inawashwaje. Kila kitu alitaka kitajwe, na neno lilipochelewa alichukia kama ametukanwa.

"Yaani pasi yangu ya mvuke haina jina kwao?"

"Inalo, mama, natafuta kwenye kamusi."

"Tafuta vizuri. Na uandike kubwa."

Kufikia magharibi binti alikuwa ameshika utajiri wote wa nyumba ile, kipande kwa kipande, na mwenye utajiri mwenyewe ndiye aliyemshikisha. Mwenyekiti, aliyekaa kwenye kochi la ngozi na kinywaji baridi, alitangaza kwamba tabia ya binti ni njema.

Mlangoni, fundi alisubiri. Mama Geti Jeusi alimtazama kama aliyemsahau.

"Na bomba?"

"Halivuji tena, mama."

"Vizuri. Sikulipi. Umenitia aibu."

"Sawa, mama," fundi akasema, na kwa kweli roho yake ilipoa. Siku zile za uongo zisingemshuka kooni hata kama zingelipwa.

Mwalimu kutoka Urusi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, anayevuja jasho. Katibu, kwa heshima, alimgeuzia feni. Familia iliruhusiwa kukaa benchi la nyuma: fundi ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, Mama, na Bibi aliyekataa kubaki.

Picha ya kwanza. *Pianino*. Ya pili, *kovyor*. Ya tatu, ya nne. Binti alikuwa akifungua na kufunga vidole, kama anayeshika vitu hewani, na maneno yakatoka moja baada ya moja. Katibu aliharakisha, akachanganya, akachomoa picha kutoka chini ya rundo. *Lyustra*. *Pylesos*, kifyonza vumbi. Mwalimu alivua miwani, akacheka kwa furaha, akauliza jambo.

Katibu akageuka. Uso wake ulikuwa umepata matumaini mapya. "Mwalimu anashangaa. Haya maneno ya vitu vya kifahari umeyazoea sana. Mnavyo nyumbani kwenu?"

Binti alifungua mdomo. Baba yake alishasimama.

"Tunavyo!"

"Mnavyo?" Katibu akauliza kwa upole wa paka. "Piano mnayo?"

"Piano tunayo."

"Zulia?"

"La ukuta hadi ukuta."

"Baba," binti akanong'ona.

"Na jokofu, mzee?"

"Milango miwili," fundi akasema, kifua mbele. "Barafu linajitengeneza."

Katibu akaweka kalamu chini. "Basi mzee, hongera. Umejifunga mwenyewe. Nafasi hii ni ya watoto wa wasiojiweza. Wenye piano wanajisomeshea."

Bibi ndiye aliyeinuka.

"Mwongo huyu! Nimemzaa mimi, namjua. Piano umeiweka wapi wewe, juu ya godoro langu? Zulia gani, lile gunia la mlangoni? Hatuna! Andika hapo, bwana mkubwa, hatuna. Hatuna umeme mwezi wa ngapi huu, hatuna choo cha ndani, yeye fundi bomba na bomba hatuna! Mficha uchi hazai!"

"Mama, mbele za watu..." Mama akamvuta kanga, huku machozi ya aibu yakimlengalenga. Kusaidiwa kuna bei yake: usimame mbele ya aliyevaa tai, uivue nyumba yako nguo moja moja, naye atazame kama nguo ya ndani ina kiraka cha kutosha.

"Kwa nini ulidanganya, mzee?" Katibu akauliza.

Fundi alitazama viatu vyake. "Mara ya kwanza mlimwangusha kwa kuwa hatuna," akasema. "Nikaona leo tuwe navyo."

Mwalimu aligeuza kichwa huku na huku kama anayefuata mpira. Akamwuliza Katibu. Hata benchi la nyuma lilielewa swali: mzee amesema nini?

Katibu alitengeneza tai. Akajibu kwa Kirusi, kwa ufupi, akitabasamu, na ndani ya jibu hilo binti na baba yake walitambua neno moja analolijua hata mtoto: *spasibo*. Ahsante. Amemwambia mwalimu kuwa mzee anatoa shukrani.

"Nyet," binti akasema.

Lilikuwa neno dogo na lilitoka kubwa. Katibu aligeuka. Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kumwambia hapana, kwa lugha yoyote.

"Binti, kaa chini."

"Nyet." Kichwani mwake hakukuwa na sentensi hata moja. Kulikuwa na vitu tu. Basi akavichukua vitu. Alimwonyesha baba yake. "*Papa*." Akaonyesha mikono ile yenye sugu. "*Truba. Kran*." Bomba, koki. Kisha akachora nyumba hewani kwa vidole, ndogo. "*Dom. Stol. Lampa. Vedro*." Akaziendea picha mezani kwa Katibu, akazigeuza kifudifudi moja moja, akizigonga. "*Kovyor, nyet. Kholodilnik, nyet*." Mwisho aliinua ya piano, akamwelekeza Katibu kwa kidole, jambo ambalo ni utovu wa adabu na Mama alifumba macho asilione. "*Pianino nyet*," akasema. "*Ekzamen nyet*."

Hakuna piano, hakuna mtihani. Sarufi haikuwepo. Mwalimu alimtazama binti, akamtazama fundi na shati lake, akamtazama Bibi ambaye bado alikuwa ameinua kidole. Halafu akamtazama Katibu, na huyo alimtazama kwa muda mrefu kuliko wote. Alisema maneno mengi, ya chini, ya haraka. Masikio ya Katibu yakaiva. Kisha mama yule akanyoosha mkono, akavuta muhuri uliokuwa mbele ya Katibu, akaugonga kwenye fomu ya binti hadi feni ikatikisika.

Walitoka nje mpaka kwenye ngazi.

"Yule mama kamwambia nini Katibu?" Bibi akauliza.

"Sikuelewa hata neno, Bibi."

"Hata moja! Na karatasi zote zile?"

"Hakutaja kitu cha nyumbani."

Bibi alisimama, akageuza macho kwenye mlango wa ofisi. "Ngoja basi nikamwulize Katibu."

"Mama, twende," fundi akasema, akamshika mkono. "Huyo atakwambia tumeshukuriwa."